Jioni Niliyopewa Miji

Masika yakiingia, hoteli zetu za Diani hubaki na paka na wafanyakazi. Msimu huo meneja aliniita akaniambia waziwazi: nijaze ukumbi Ijumaa kwa chemshabongo, wenyeji waje wale na wanywe, la sivyo kitengo cha burudani kitafungwa hadi wageni warudi. Kitengo chenyewe kilikuwa mimi na kipaza sauti kimoja. Nikasema sawa. Nimelisema neno hilo mara nyingi katika kazi hii hata mdomo hulitoa bila kuniuliza.

Nilikuwa nimechoka, wala si uchovu wa miguu. Mama yangu, huko bara, alikuwa ameacha kuniuliza kwenye simu nitakwenda lini. Siku hizo aliuliza tu kama nimekula. Na bado kazi niliitaka, maana kurudi kwake mikono mitupu sikuweza.

Basi nikaandaa. Maswali niliyatunga jikoni nikimsomea mpishi wetu, mama wa Kidigo ambaye swali likimchosha husonya. Nikatoa ya mpira wa Ulaya, nikaongeza ya samaki na ya miji. Nikapanga tuanze alasiri, tumalize kabla ya adhana ya magharibi, watu warudi makwao mapema. Na ili nisiambiwe napendelea, timu nikazipanga kwa kura. Hapo nilijiona mjanja kweli.

Ijumaa ukumbi ukajaa. Kina mama wa kikundi kimoja cha Mwabungo walichukua karibu nusu ya viti, wakiongozwa na mwenyekiti wao, mama mwenye leso mpya na sauti iliyozoea kusikilizwa. Akaja pia mwalimu kutoka Msambweni, aliyejigamba tangu mlangoni kwamba tumpe zawadi yake mapema tusije tukasahau. Kura ikawaweka hao wawili meza moja. Nikafurahi, nikijua meza ile itachangamka.

Swali la kwanza, meza ile kimya. La pili, kimya. Mwalimu alikuwa amegeuza kiti, ameikodolea macho feni ya ukutani, na sharubati yake ya ukwaju haikuguswa. Meza nyingine zikacheka, kisha zikaacha kucheka, na hilo ndilo lililonitisha. Mwenyekiti akasimama akajitanda leso yake. Kina mama wenzake, kote walikotawanywa na kura yangu, wakaanza kuokota mikoba.

"Sasa hao wamama wanaenda wapi?" meneja akauliza kutoka mlangoni.

Mpishi akanipitia na sinia ya sambusa, akaninong'oneza, "Mwanangu, umemketisha mtu na mkwewe. Yule mwenyekiti ni mamake mke wa mwalimu. Kwa heshima ya ukwe hata maji hatayanywa pale, sembuse kushindana naye kwa maneno."

Miaka yote niliyokaa pwani, jambo hilo nililijua kama mtu anavyoijua njia asiyoipita. Kuwatenganisha mbele ya watu kungekuwa kuwaaibisha mara ya pili. Nikabaki nimeshika kipaza sauti, nikiiona kazi yangu ikitoka mlangoni na ile mikoba.

Mwenyekiti akanitazama. Nadhani aliuona uso wangu.

"Mwanangu, swali lako ni gumu," akasema, ingawa hata mtoto angelijibu. "Meza hii tumeshindwa. Tukupe mji?"

Ukumbi mzima ukacheka. Kwenye vitendawili, aliyeshindwa humpa mji mwenye kutega, naye huenda huko kwa maneno, akala akashiba, ndipo akarudi na jibu.

"Nipeni!" nikasema.

"Chukua Taru!"

Nikawaambia nimekwenda Taru, nimekula mbuzi wa kuchoma hadi nimelegea, na jibu ni kadha wa kadha. Mikoba ikarudi chini. Toka hapo hata meza zilizojua majibu zilijifanya hazijui, ili zinipe mji. Nikapewa Shimoni, nikapewa Ukunda, mtu mmoja akanipa Wasini nzima. Mwenyekiti akamtuma mpishi amwambie mwalimu akahesabu alama kule kwenye nguzo ya mwisho. Akaenda mbio. Huko aliinywa sharubati yake, ametupa mgongo.

Watu walipokwisha kutawanyika meneja alinipiga begani. "Umeweza. Sasa ni kila Ijumaa mpaka Desemba, sawa?"

Nikasema sawa. Kazi nilikuwa nimeiokoa, na nilitaka kulia.

Mwenyekiti alinikuta nikipanga viti.

"Shikamoo, mama. Ahsante sana."

"Marahaba. Kwenu wapi, mwanangu?"

Nikamtajia mji wetu wa bara.

"Mamako yuko hai?"

"Yuko hai, alhamdulillahi," nikajibu, mimi Mkristo, kwa mazoea ya huku.

"Umemwona lini?"

Nikainua kiti kingine. Akangoja, bila haraka, kama angojaye jibu la kitendawili.

"Umeshindwa," akasema. "Nipe mji."

Nikampa mji wa kwetu, sikuwa na mwingine mdomoni.

Akatikisa kichwa, akaniwekea mkono shavuni. "Huko siendi mimi," akasema. "Nenda wewe."