Mikono ya Mama Chaja Iko Mgongoni

Mfuniko wa birika unacheza juu ya jiko, na nje bado giza. Mama Chaja anaitua birika taratibu asiwaamshe wanawe. Mezani, simu zake za akiba zimeshajaa chaji.

Majirani walimpa jina hilo kwa nyaya zinazoning'inia mkobani mwake. Anapita kwenye familia zinazohudumiwa na washauri nasaha walio mbali, kuhakikisha kila mtu anaweza kuzungumza nao kwa simu: asiyesoma, asiyesikia vizuri, hata asiyewahi kugusa kioo cha simu. Mwaka huu amefikia familia thelathini na mbili.

Leo anakwenda kwa bibi anayemlea mjukuu wa miaka sita. Tangu mama yake afariki, mtoto haongei ila na bibi yake, tena kwa kunong'ona. Mshauri wa watoto amewapigia kwa video mara mbili, akaona giza tupu. Leo ikishindikana, nafasi yao itapewa familia nyingine.

Anapofika, bibi ameshampangusia kiti.

"Simu uishike wewe, mwanangu. Mimi na hivyo vioo hatupatani."

Mama Chaja anatabasamu, anaweka mikono mgongoni. Ndivyo anavyofanya kazi kila nyumba. "Nikibonyeza mimi, nikiondoka huduma inaondoka na mimi," anaeleza.

Anaomba wajaribu kwanza, anampigia kwa video kwa simu ya akiba. Bibi anapokea vizuri kabisa, kisha anaibandika simu sikioni, kama alivyozoea miaka yote. Kumbe lile giza lilikuwa sikio la bibi!

Mama Chaja hamcheki. Anamsimulia kwamba naye, alipopiga simu ya video mara ya kwanza, alimwonyesha dada yake sikio mpaka dada akamuuliza kama anauza hereni. Bibi anacheka hadi anashika ubavu. Kisha anaegemeza simu kwenye kopo la sukari, na kuketi mbele yake kama anayepokea mgeni.

Simu inalia. Kidole cha bibi kinateleza, kinateleza tena. Mikono ya Mama Chaja inashikana kwa nguvu mgongoni. Mara uso wa mshauri unatokea.

Mjukuu anachungulia, paka kifuani. Anamnong'oneza bibi.

"Anauliza kama unamwona paka wake," bibi anasema.

"Namwona. Anaitwa nani?" mshauri anauliza.

Mshauri hana haraka. Mtoto anasogea mpaka karibu na kopo.

"Mvivu," anasema mwenyewe.

Bibi anajifuta macho kwa upindo wa nguo.

Siku hizi Mama Chaja anarekodi maelekezo kwa sauti yake, kwa maneno ya nyumbani, ili asiyesoma abonyeze mara moja na kusikiliza. "Nataka kila bibi apate wa kumwelekeza, hata nisipokuwepo," anasema.

Bibi anamsindikiza mlangoni, kichwa juu.

"Simu nimeshaijua, hiyo kazi imekwisha. Lakini njoo tena, mwanangu. Uje kama mgeni, mikono uitoe mgongoni, tunywe chai."