Farasi Themanini wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipofunga turbo kubwa, kile kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini, kwenye gari lake, alitangaza kwamba limeongezeka nguvu za farasi themanini. Alisema hivyo sebuleni kwangu, Kilwa Masoko, mbele ya mama, kama mtu aliyewahesabu farasi hao mmoja mmoja wakiingia zizini.

"Nani kazipima?" nikamuuliza.

"Dada, gari lenyewe linasema. Ukikanyaga mafuta, mgongo unagandamia kwenye kiti."

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na mgongo wa mtu siuhesabu kama kipimo. Yeye ni fundi magari. Mikono yake naiheshimu sana, ila tangu utotoni huwa anakiona kile anachotaka kukiona. Gari hilo la mbio alilinunua likiwa bovu, halina hata viti vya nyuma, akalifufua kidogo kidogo kwa miaka miwili, viti vikiwemo. Mashine ya kupimia nguvu za gari alisikia ipo Dar es Salaam, lakini hakuwahi kuifikia. Nikamwambia hatuihitaji. Tukijua uzito wa gari, na muda linaotumia kutoka mwendo wa sitini hadi mia moja, nguvu yake inapatikana kwa kalamu na karatasi.

Bahati nzuri, gari nilikuwa nimeshalipima kabla hajabadilisha turbo, kwa sababu nilitaka kutunga swali la mtihani. Siku ile tulilipandisha kwenye mizani ya malori, kwenye ghala la ufuta, sisi wawili tukiwa ndani. Mlinzi alicheka mpaka akashika ubavu. "Mwalimu, mmeleta gunia ngapi?" Kutoka hapo tulikwenda kwenye kipande cha lami kilichonyooka nje ya mji. Yeye aliendesha, mimi nikarekodi dashibodi kwa simu, kisha nikahesabu sekunde kwenye video. Zilikuwa nne na nukta nne. Hesabu ikatoa nguvu za farasi mia moja na tisa.

Sasa tukarudi palepale na turbo mpya. Ilikuwa Jumapili asubuhi, na mchana wa siku hiyohiyo alitakiwa kumpeleka mama Lindi. Mama alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, na Jumatatu daktari alitaka kumwangalia. Mabinti wawili wa mdogo wangu nao walikuwa wameshapanga nguo zao kwenye begi. Nao waende wakaione Lindi.

Mara ya kwanza, sekunde tatu na nusu. Mdogo wangu alipiga usukani kwa furaha. Tukageuza, tukapima kwa kurudi, maana upepo na mteremko vinaweza kudanganya. Ikawa vilevile. Tukarudia safari ya pili, kwenda na kurudi: tatu na nukta nane. Ya tatu: nne na nukta moja.

Nikaitazama ile video mara mbili, nikidhani nimekosea kuhesabu. Sikuwa nimekosea.

"Linapungua," nikasema.

"Joto hilo, dada. Injini imepata moto."

"Joto lingepunguza kidogo. Hapa umepoteza zaidi ya nusu ya ulichoongeza."

Akanigeukia, amekaza uso. "Umekuja kupima gari au umekuja kunipima mimi?"

Nilijua miaka miwili ile ilikuwa na maana gani kwake. Hata harusini kwa rafiki yake alikwenda na oili kwenye kucha. Lakini karatasi ilikuwa mapajani kwangu, na namba zilikuwa zinashuka kama mtu anayeshuka ngazi.

"Mama hapandi gari hili leo," nikasema. "Wala watoto."

Injini ilikuwa bado inaunguruma. Mdogo wangu akatazama kioo cha pembeni, akaendelea kutazama. Nami nikageuka. Nyuma yetu moshi wa bluu ulikuwa unatambaa juu ya lami.

Alizima injini, akafungua boneti. Alisubiri ipoe, akalegeza bomba la hewa linalotoka kwenye turbo, akaingiza kidole. Kilitoka kimelowa oili. Akainama zaidi, akamulika na simu yake, na nikaona mabega yake yanaanguka.

"Ni mimi," akasema. "Mpira wa kurudishia oili. Nimeufunga ukiwa umejikunja."

Akanionyesha. Oili ilikosa njia ya kurudi, ikawa inasukumwa ndani ya injini na kuungua huko, na nyingine ilivujia juu ya bomba la ekzosi. Kitambaa cha kuzuia joto kilikuwa kimeshakuwa cheusi upande mmoja.

"Ingewaka?" nikauliza.

"Safari ndefu kama ile, ingewaka."

Nikaifikiria barabara ya Lindi baada ya Nangurukuru, vile vipande virefu visivyo na nyumba, mama amefungwa bandeji jichoni na watoto wamelala nyuma. Nilikaa kwenye changarawe kando ya barabara, na kilichonitoka kilikuwa kicheko, tena kirefu. Mdogo wangu akakaa karibu yangu. Baada ya muda akanishika mkono kwa mkono wake wenye oili, akasema, "Alhamdulillahi." Nami nikasema hivyohivyo.

Mama alikwenda Lindi kwa basi, mimi nikamsindikiza. Watoto walilia, wakanyamaza. Daktari alisema jicho limepona vizuri, na mama akaanza papo hapo kusoma kwa sauti kila bango lililobandikwa ukutani.

Mdogo wangu aliifungua turbo yote, akasafisha, akaweka mpira mrefu usiojikunja. Wiki mbili baadaye tulipima mara sita. Sekunde tatu na nukta nne, zote sita. Nguvu za farasi mia moja arobaini na moja. Nikamwandikia tofauti chini ya ukurasa, thelathini na mbili, nikampa huku nimejiandaa kwa ubishi.

Akaisoma kwa muda mrefu.

"Thelathini na mbili," akasema. Akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati. "Lakini hawa ni wa kweli."

Jumamosi iliyofuata alimpeleka mama kwa gari lile hadi kijijini Mitole, kwa dada yake mama. Mimi nilibaki nyumbani nasahihisha madaftari, na sikuitazama saa hata mara moja.