Viatu Nilivyoviacha Ruhuhu

Naikumbuka siku ile, Mwanangu, kama ulimi unavyolikumbuka jino bovu. Nilivua viatu na shati langu la shule, nikaviacha ukingoni mwa mto Ruhuhu, kisha nikapanda kujificha juu ya mwamba ili nione watu watanililia namna gani. Hilo ndilo kosa lenyewe. Nimelitanguliza usije ukasoma hadi katikati ukidhani mimi ndiye shujaa.

Usinune nikikuita Mwanangu. Najua niko kidato cha tatu tu, na ndevu zangu mtu huzihesabu akiwa amesimama mbali. Lakini wewe ni wa kidato cha kwanza, na mwezi ujao unakwenda ziara ile ile, bonde lile lile. Aliyemtangulia mwenzake motoni, hata kwa hatua moja, ana haki ya kumweleza moto ulivyo. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja hata nioe.

Tuliondoka Matiri asubuhi na baridi yake, tumejazana kwenye fuso la kubebea kahawa, tukapita kijiji cha Ruanda, tukateremka mpaka joto likatuvua masweta. Mwalimu Hyera wa Historia akatuongoza kwa miguu hadi mahali ambapo, kwa macho ya mtu mwenye njaa, hapakuwa na kitu: majani, mawe, na mto unaonguruma chini. Akainama, akaokota kigae. Akatuonyesha michirizi iliyochorwa shingoni mwa chungu kabla hakijachomwa. Akatuonyesha mwamba wenye mashimo laini. Wanawake wa kale walisagia nafaka hapo hadi jiwe lenyewe likalika. Akaokota donge jeusi, zito, akasema ni mavi ya chuma, mabaki ya wahunzi. Nikauliza aliyeyanya alikuwa amekula nini. Darasa likavunjika mbavu. Mwalimu naye alicheka kidogo, maana ni mtu mwema, na wema wake ndio unaoniuma mpaka leo.

"Watu hawa hawakutuandikia chochote," akasema. "Walipika, wakasaga, wakafua chuma, wakaondoka. Tunawajua kwa vitu walivyoviacha. Mtu anaweza kukudanganya. Chungu chake hakikudanganyi."

Mwanangu, wenzio wakisikia neno la hekima huliweka moyoni. Mimi nililiweka mfukoni, nikatafute pa kulichezea.

Tulipopumzika kula viazi, nikajitenga kama mtu anayekwenda haja. Tangu kwenye fuso tulikuwa tumeonywa tusisogelee maji, kuna mamba, kwa hiyo nikaona hapo hapo ndipo penye kichekesho. Nikapanga viatu sambamba, shati juu yake. Nikaburuza gogo kwenye matope hadi majini ili ionekane kitu kizito kimevutwa, kisha nikalisukuma likaenda na maji. Nilijisifu sana kwa lile gogo. Nikapanda mwambani, nikalala kifudifudi kwenye mashimo ya wale bibi wa kale, kidevu ndani ya shimo la unga, nikangoja.

Aliyeviona kwanza ni Alfredi, tunayekaa naye dawati moja. Kwao ni Lituhi, ziwani. Sisi wa milimani tunamtania kwamba alizaliwa na mapezi, naye anatuita mbuzi wa majabali. Nilitazamia akimbie akipiga kelele. Hakukimbia. Alichuchumaa, akautazama ule mburuzo, akayatazama maji. Nikaona midomo yake inaita jina langu. Kisha akavua shati.

Hapo kicheko kilinikauka. Kati yetu sote ni yeye peke yake aliyejua kuogelea, na ni yeye peke yake aliyejua kilichomo: baba yake mdogo alichukuliwa na mamba akitega nyavu mlangoni mwa mto huu huu. Alilijua hilo, na bado akaingia.

Nikasimama, nikapiga ukelele. Mto ukaumeza. Nikapunga mikono, lakini nani anatazama juu wakati mwenzake yuko chini ya maji? Mwalimu naye alikuwa ameshaingia, maji ya kiuno, na suruali yake na viatu vyake, anapapasa kwa fimbo, mtu asiyeweza kuogelea hata kwenye beseni. Wasichana wameshika vichwa. Dereva wa fuso anakimbia kupanda kilima kutafuta mtandao.

Nikaanza kushuka, nyayo tupu juu ya mawe ya moto. Kila nilipotupa jicho mtoni nilimwona Alfredi akizama, na mahali alipozama pakabaki patupu, pa kahawia, mpaka niseme amekwisha. Kisha kichwa kinaibuka, kinavuta pumzi, kinazama tena. Niliomba, Mwanangu. Mimi ninayechezea kengele ya misa niliwaita watakatifu wote, hata nisiowajua majina. Nikateleza, nikachunika paja, nikainuka. Mara ya mwisho alipozama alikaa sana.

Niliwafikia nalia. "Niko hapa," nikasema. "Niko hapa jamani."

Alfredi alikuwa ndiyo kwanza ameibuka. Akanitazama. Akatoka majini taratibu, meno yanagongana na jua limewaka.

"Umekufa vibaya, Otmari," akasema. "Hata hujalowa."

Kisha akakaa chini, akatapika maji. Mwalimu alimwaga maji ya viatu vyake, halafu akaenda kuviokota vyangu, akanipa mwenyewe mkononi.

"Mimi nimewafundisha kuvisoma vitu," akasema. "Wewe umevifundisha kusema uongo. Vaa."

Nilidhani imekwisha. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha ulikuwa haujatoka. Dereva alirudi kutoka kilimani akiwa ameshaupata mtandao, ameshampigia jirani yetu, ambaye humbebea kahawa, kwamba mto umemchukua mtoto wa Mama Otmari, na simu yake imezima kwa kuisha chaji. Ya Mwalimu ilikuwa imekunywa maji mfukoni. Namba ya jirani ilikuwa ndani ya simu iliyokufa. Kichwani mwa mtu haikuwamo. Safari yote ya kupanda mlima nilisimama nyuma ya fuso, nikiwaza jambo moja: mama ana presha, hana mtoto mwingine ila mimi, na dakika hii anaamini.

Kabla sijakwambia nilichokikuta nyumbani, pokea hii. Kila unachokiacha nyuma yako yupo atakayekiokota na kukisoma, na wa kwanza kukisoma ni yule anayekupenda kuliko wote. Chekesha watu, mimi mwenyewe sijaacha. Ila usitafute kupima unavyopendwa kwa kuwatisha wanaokupenda, maana kipimo hicho hulipwa na wao. Na onyo la mamba lichukue kama lilivyo. Mungu akupeleke Ruhuhu akurudishe na viatu vyako miguuni. Akupe rafiki wa kuingia majini kwa ajili yako, na akunyime siku ya kumhitaji.

Basi. Jua lilikuwa linaelekea kushuka tulipofika. Uani kwetu kulikuwa na mabenchi yaliyotolewa kanisani kigangoni. Wanawake wamekuja na kuni na ndoo, maharage yanachemka kwenye sufuria kubwa lile la harusi, na katekista alikuwa anaongoza rozari, tendo la pili la uchungu. Nilipojitokeza sala ilikatika. Bibi mmoja akaangusha kuni zake.

"Shikamooni," nikasema, maana kinywani hakikuwa kimebaki kingine.

Mama alikuwa mkekani, amekumbatia shati langu la Jumapili, wanawake wawili wamemshika mabega. Akainuka. Akanigusa uso, akanigusa masikio, moja moja, akashuka hadi vidole. Nikafumba macho nikingoja kofi.

"Umefika," akasema. "Haya, kanawe mikono, uwagawie watu chakula cha msiba wako."