Mwanahisa Kutoka Birmingham

Kabla sijaanza kumhudumia, msimamizi wangu katika kampuni ya kuwatunza wazee majumbani aliniambia kwamba bibi huyu ana pumu, na kwamba nisimruhusu hata kidogo aanze habari za filamu, kwa sababu zamu yangu kwake ilikuwa dakika arobaini na tano tu. Siku ya kwanza nilitoka pale baada ya saa moja na nusu. Soksi zake bado nilikuwa nimezishika mkononi.

Mimi nilikaa Lozells, mtaa mmoja wa Birmingham, Uingereza, kwa hivyo kufika kwake Sutton Coldfield, pembezoni mwa jiji, ilikuwa basi hadi mjini, kisha treni ya Cross City pamoja na watu wa suti na vikombe vya kahawa. Alikuwa amevuka miaka themanini na mitano, mwembamba, mwenye macho ya mtu aliyekufichia kitu na anangoja uanze kukitafuta. Aliniuliza mtu wa umri wake huitwaje kwetu. Nikamwambia kwetu Kenya, upande wa mama yangu, angeitwa Shosho, yaani nyanya. Akalipenda jina hilo. Baadaye niligundua amemwambia mpwa wake kwamba Shosho ni cheo, karibu sawa na jaji. Sikuona haja ya kumrekebisha. Yeye aliniita Sista, ingawa nilimweleza mara mbili kwamba mimi si muuguzi.

Katika ujana wake, nyuma ya stesheni ya New Street, palikuwa na barabara iliyojaa matawi ya studio za filamu za Amerika. Kumbi za sinema za mkoa mzima zilichukulia filamu pale. Shosho alifanya kazi katika moja ya matawi hayo, kwenye chumba cha kupokea mikanda iliyorudi. Aliikagua, akaunga iliyokatika, akaifunga katika mikebe ya bati, ikapelekwa kwenye treni. Studio yenyewe ilianzishwa na mashemeji wawili waliokuwa wakiuza glavu, na wana wao walipoirithi walitoa zawadi kwa wafanyakazi wote waliotimiza miaka kumi: pasi ya kuingia bure, maisha yao yote, katika ukumbi wowote ulioonyesha filamu ya studio hiyo.

Shosho aliitumia pasi yake kwa miezi minne. Kisha studio ikanunuliwa na kampuni ya vigae vya bafuni.

"Vigae, Sista," aliniambia, kana kwamba ni mimi niliyeuza. "Walikuja watu wawili wakapima chumba chetu kwa futi. Mwezi uliofuata tawi likafungwa. Pasi zikafutwa. Kila mmoja wetu akapewa hisa moja ya kampuni, ndani ya bahasha, pamoja na keki."

Tangu hapo amekuwa mwanahisa, na tangu hapo amekuwa akiandika barua. Alikuwa na faili ya kijani, na ndani yake historia yote ya studio ile ilikuwa imepangwa kwa majibu aliyopewa. Watu wa vigae walimjibu kwa mistari miwili. Walipouza studio kwa kampuni ya nafaka za kifungua kinywa, aliwaandikia hao nao kudai pasi yake, wakamtumia kuponi ya boksi moja la nafaka. Alizila, akasema zilikuwa tamu kuliko barua yenyewe. Wakaja watu wa televisheni ya waya, ambao walimjibu kwa jina la mtu mwingine. Wakafuata watu wa bima, ambao walimtumia fomu ya kurasa tisa ikiuliza kama pasi iliharibiwa na moto au na maji. Kila ununuzi uliigeuza hisa yake kuwa hisa za mwenye mali mpya, na kufikia wakati wangu alikuwa na hisa kumi na moja za kampuni ambayo jina lake lilikuwa refu kiasi kwamba halikuenea kwenye dirisha la bahasha.

Mwaka huo ndipo kampuni moja ya mtandao ilipotaka kuinunua. Wanahisa walitakiwa kupiga kura. Kwa mara ya kwanza tangu ile keki, Amerika ndiyo iliyokuwa ikimtafuta Shosho.

Zilianza barua, nzito, zenye picha za watu wanaotabasamu. Kisha simu. Alasiri moja nilikuwa namtilia chai simu ikalia. Shosho akanikonyeza na kunionyesha simu kwa kidole. Ilikuwa sauti ya kijana Mmarekani, mpole sana, akiuliza kama mwanahisa amekwisha kufanya uamuzi.

"Mwanahisa bado anatafakari," nikasema.

"Naelewa, mama. Kuna jambo lolote linalomtia wasiwasi?"

Nikamtazama Shosho. Akaunda umbo la kadi kwa vidole.

"Kuna suala la pasi," nikasema.

"Pasi ya kusafiria?"

"Ya sinema. Ilifutwa na watu wa vigae."

Nilisikia akiandika. Alisema atalifikisha kwa wakubwa wake. Alipiga tena wiki hiyo, na tena wiki iliyofuata, na kila mara nilimwambia kwamba kura ya mwanahisa inategemea pasi, na kila mara aliandika. Nadhani mwishowe alikuwa akipiga kwa sababu alitupenda. Shosho aliketi kando akila biskuti, uso umemng'aa. Kusema kweli, mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kusubiri simu ile. Nilikuwa karani wa ofisi ya serikali miaka kumi na miwili kabla sijaja Uingereza, na kazi ya kumzungusha mtu kwa heshima naijua vizuri.

Jumapili, jikoni kanisani, niliwasimulia wenzangu tuliokuwa tukiosha vyombo pamoja. Mmoja ni Mtanzania, mwingine ametoka Kongo. Mtanzania akanisikiliza mpaka mwisho akiwa na sahani mkononi.

"Yaani dada, mnagombania pasi na Wamarekani? Si umnunulie tu nyingine, mbona zipo madukani, na zina mvuke."

Nikamweleza si pasi ya kunyooshea nguo. Mkongomani, ambaye huchanganya Kiswahili na Kifaransa, alikuwa na swali lake.

"Mais, mama, hiyo kampuni ilishaolewa mara ngapi?"

"Huyu anayekuja atakuwa wa tano."

"Basi huyo bibi yako ndiye mtoto aliyezaliwa kabla ya bwana wa kwanza," akasema. "Hakuna bwana atakayemtunza."

Tulicheka, lakini maneno hayo yalinikaa kichwani nikiwa kwenye basi.

Mpwa wa Shosho alikuwa mtu wa fedha, ofisi yake mjini, na alimtembelea kila Jumapili mchana. Alitaka shangazi yake apige kura ya ndiyo, si kwa sababu hisa kumi na moja zingemtajirisha mtu, bali kwa sababu, alivyosema, ndiyo ilikuwa jibu sahihi. Jumatatu moja alichukua likizo, akafika nyumbani kwa shangazi yake wakati kijana wetu alipopiga. Nilipokea kabla sijamwona mlangoni.

"Mwanahisa bado anatafakari," nilikuwa nasema, nikageuka, nikamkuta amesimama na mwavuli.

Nilipoweka simu chini aliniuliza, "Unazungumza na watu wa kampuni kwa cheo gani?"

"Cha mpokea simu," nikasema.

"Shangazi, unajua hili?"

"Sista ni mshauri wangu," Shosho akasema, akichovya biskuti.

Neno lile mshauri ndilo lililoniponza. Mpwa alipiga simu kwa kampuni iliyoniajiri, na Jumatano nikaitwa ofisini. Sheria ya kazi yetu ni moja: usiguse mambo ya fedha ya mtu unayemtunza. Usitie sahihi, usishauri. Msimamizi wangu aliniuliza taratibu, akaandika kila nilichosema. Nilikuwa na kodi na nilikuwa na binti chuoni. Sikuwa na ujanja wowote siku hiyo. Nilimwambia ukweli wote, hata kuhusu kuponi ya nafaka.

Alifunga daftari. Akasema hataniandikia onyo, lakini tangu siku hiyo nisipokee simu yake, na kama mteja akitaka nimsaidie kuandika, niandike neno kwa neno asemalo yeye, bila kuongeza wala kupunguza. Nilipofika mlangoni aliniita.

"Sasa, watampa hiyo pasi?"

"Bado hawajasema," nikamjibu.

Mkutano wa wanahisa ulifanyika kwa mtandao. Kule Amerika ilikuwa asubuhi, kwetu saa kumi jioni, na zamu yangu ilikuwa inaanza saa hiyo hiyo. Nilimkuta Shosho amevaa koti la bluu na shanga za lulu, amepaka rangi ya mdomo, ameketi mbele ya tableti aliyonunuliwa na mpwa wake ili aone picha za familia. Nilimwambia kwamba hakuna atakayemwona. Akasema hilo ni shauri lao.

Kura yake aliipiga mwenyewe, kwa kidole chake, na ilikuwa ya hapana. Kisha palikuwa na kisanduku cha maswali. Akanyoosha mgongo, akanisomea, nami nikaandika: "Mimi ni mwanahisa kutoka Birmingham. Nilifanya kazi kwenye tawi lenu miaka kumi na moja. Mliniahidi pasi ya maisha na bado ni mzima. Iko wapi?"

Vidole viliniwasha. Nilitaka kuongeza neno moja tu, Uingereza, baada ya Birmingham. Lakini nilikumbuka ofisi ile na daftari lile. Yeye hakulisema, na mimi sikuliandika. Nikatuma.

Walijibu maswali manne marefu ya watu wenye mali. Nilidhani letu limetupwa. Kisha mwenyekiti akarekebisha miwani, akatabasamu.

"Tuna swali zuri kutoka kwa rafiki yetu wa Birmingham," akasema, "na naomba niseme kwamba kampuni hii imewapenda siku zote watu wa Alabama."

Shosho akasogea karibu na kioo.

"Amesema wapi?"

"Alabama, Shosho. Huko Amerika nako kuna Birmingham."

Mwenyekiti aliendelea kusifu ukarimu wa watu wa kusini na vyakula vyao. Akasema ahadi ni ahadi, na kwamba ofisi yake italishughulikia jambo la bibi huyu. Watu waliosikika nyuma yake wakapiga makofi. Shosho alikuwa akigonga kioo kwa kidole na kusema, "Sisi ndio wa kwanza, bwana. Hao wametuiga." Nilijaribu kutuma masahihisho, lakini kisanduku cha maswali kilikuwa kimefungwa. Dakika kumi baadaye wakatangaza kura: ndiyo zilishinda kwa wingi kiasi kwamba hapana ya Shosho haikuonekana hata kwa darubini. Studio ya wauza glavu ikapata bwana wa tano.

Shosho aliisukuma tableti kando. Nilimvua shanga, nikampashia supu. Nilidhani amevunjika moyo, na nilijilaumu kwa lile neno nililolimeza.

Bahasha ilifika wiki tano baadaye, ikiwa na anwani sahihi kabisa ya Sutton Coldfield. Ni wazi kwamba huko kwao mtu mmoja alipanga zawadi, mwingine akaandika anwani, na hawakuzungumza. Ndani mlikuwa na barua ya heshima yenye sahihi ya kweli ya wino, na kadi ngumu ya dhahabu: pasi ya kuingia bure, yeye na mgeni mmoja, kwa maisha yake yote, katika ukumbi mmoja wa sinema mjini Birmingham, Alabama.

Aliisoma mara mbili. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka nikamtafutia dawa yake ya kuvuta, akavuta, akaendelea kucheka. "Nimewashinda, Sista," alisema alipopata pumzi. "Wote watano. Nimewashinda."

Mpwa wake alikuja Jumapili, akaonyeshwa kadi. Aliigeuza huku na huku kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa akitafuta kosa la kisheria. Kisha akaniomba radhi, kwa ufupi, kama mtu anayelipia maegesho ya gari, na akasema angependa kutulipia tiketi mbili za ukumbi wa karibu, ambao hauhitaji ndege.

Tulienda Alhamisi asubuhi, saa ambayo wazee hupewa chai na biskuti kabla ya filamu. Filamu ilikuwa ya studio yake. Ilipotokea nembo yao, na chini yake jina la wenye mali wapya kwa herufi ndogo, aliguna kwa sauti hadi safu tatu za mbele zikageuka. "Hata ngoma ya mwanzo wameibadilisha," akaniambia. Dakika ishirini baadaye alikuwa amelala, mdomo wazi, mkono ndani ya mfuko wangu wa bisi.

Nilitazama peke yangu. Ilikuwa filamu ya kawaida tu, ya mwanamke na mume wake na nyumba ya ziwani. Kwenye teksi ya kurudi aliniuliza iliishaje, nami sikutaka kumwambia kwamba hakuona kitu, tena ule mwisho wenyewe ulinichosha. Kwa hivyo nikamtungia mwingine, wenye kesi mahakamani, pacha asiyejulikana na mbwa anayeokoa watu wote. Alinisikiliza kwa makini. Akasema studio imeanza kurudi kwenye hali yake nzuri.

Jumapili alimsimulia mpwa wake mwisho ule wote, na mbwa akiwemo. Mpwa alikuwa ameitazama filamu hiyo na mkewe juma lililopita. Alinitazama juu ya kichwa cha shangazi yake. Mimi nikaendelea kukata keki.

"Ndiyo, Shangazi," akasema hatimaye. "Hata mimi yule mbwa alinishangaza."