Sale la Shemeji Eliezeri

Mume wangu Eliakim ni mtaalamu wa mionzi. Hapa kijijini Kidia ukisema hivyo hakuna anayekuelewa. Sema mpiga picha. Hospitalini huko Moshi mjini yeye ndiye anayekulaza mezani, anakwambia vuta pumzi, bana, usitikisike, kisha anakwenda nyuma ya kioo anakupiga picha ya mifupa. Alikuwa akifanya kazi hiyo kabla hata sijamjua. Na kwa ajili ya hilo neno picha, jamani, tumeteseka! Kuna bwana harusi mmoja alimfuata nje ya kanisa kumwuliza mbona hakuja na kamera. Cheka tu, mimi nimeshachoka kucheka.

Mwaka huu akapata nafasi chuoni Dar, shahada ya uzamili, kwa watu ambao tayari wako kazini kama yeye. Wanasomea picha za CT na MRI: ubongo, moyo, mishipa, vitu ambavyo eksirei yake haivioni vizuri. Hospitali imeshaleta mashine mpya, na yeye anapita mlangoni pake tu huku waliosomea wakiingia. Hilo lilimuuma, ingawa hasemi. Mwajiri akampa ruhusa. Mimi nikampa ruhusa. Ikabaki ya nyumbani.

Eliakim ni kitindamimba. Kwetu Uchagani mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayerithi kihamba, yaani migomba, kahawa, ng'ombe, na mama mwenyewe. Kaka zake, Eliezeri wa Dar na Fredy wa Arusha, walishajenga maisha yao huko. Mama mkwe alivunjika nyonga, na Eliakim mwenyewe ndiye aliyempiga picha. Tangu hapo mama hatoki kitandani bila kuinuliwa, tena hataki kuinuliwa na mtu mwingine ila mwanawe. Wasichana wa kazi tumewaleta, wakaondoka wakilia. "Kwani mimi sikuzaa?" ndivyo anavyowauliza.

Basi tukasubiri Krismasi, wakati Wachagga wote wanaporudi nyumbani. Ombi letu lilikuwa dogo: kaka mmoja amchukue mama mpaka Eliakim amalize masomo, au aje akae naye hapa. Nilimwambia mume wangu, sema kiume, usiume maneno. Akaahidi.

Mbuzi alipoliwa wakakaa sebuleni, mama akiwa ameegemezwa mito kwenye kochi. Eliakim akaeleza yote. Sikuamini, alisema vizuri kabisa. Fredy akaangua kicheko.

"Miaka miwili unajifunza kupiga picha? Si unapiga kila siku? Dogo, simu yangu hii ina kamera tatu!"

Sebule nzima ikacheka, mpaka mama. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la soda, damu ikanichemka.

"Shemeji Fredy," nikasema, "hiyo simu yako inaona uvimbe ndani ya ubongo? Hebu jipige tuone kama kuna kitu humo."

Kicheko kikakatika. Eliezeri, kaka mkubwa, hakuwa amecheka tangu mwanzo. Akamwuliza Eliakim masomo yanaanza lini. Akaambiwa Januari. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akavaa koti, akatoka nje. Nikajua anakwenda kumpigia simu mkewe, amwambie aandae chumba cha mama.

Aliporudi alikuwa na jani la sale mkononi, amelichuma kwenye ua wa kihamba na kulifunga fundo.

Kama wewe si wa kwetu, nikueleze. Mchagga akikuletea sale anakuomba msamaha, na huwezi kulikataa, hata kama alikuulia ndugu. Na ukishalipokea, jambo lile limezikwa. Atakayelifufua ndiye mkosaji.

Eliezeri akamwinamia mdogo wake, yeye na mvi zake zote, akalitoa lile jani kwa mikono miwili.

"Mdogo wangu, tumekuachia mama peke yako. Ilitupasa tukusaidie, na hatuwezi. Tumekukosea. Tusamehe."

Loo! Alivyolisema kwa upole! Fredy akainamisha kichwa. Mama akaanza kulia, anamshukuru Mungu kwa wanawe wanaopendana. Mimi naomba kimoyomoyo, usipokee, Baba Faraja, we kaa tu hivyo hivyo, jifanye umekufa ganzi. Akasimama. Akapokea.

"Yameisha," akasema, na sauti yake nusura nisiisikie.

"Hayajaisha!" Sinia nikalibwaga mezani. "Yameisha kwa nani? Nani anafua mashuka ya mama yenu? Nani analala na huyu mtu aliyekwama, anayeamka kila siku akijiona hafai? Mimi! Na mimi hakuna aliyeniomba msamaha humu ndani. Kwa hiyo mimi sijafungwa mdomo, na nitasema mpaka mnichoke: Eliakim anakwenda Dar!"

Eliakim akainua uso akanitazama, na jamani, ule uso! Ulikuwa wa kijana niliyekubali kuolewa naye. Nikaona nimepata upenyo.

Eliezeri hakukasirika. Hicho ndicho kilichonitisha. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa sale la pili, nalo limeshafungwa fundo.

"La kwako hili, shemeji," akasema, akaniinamia. "Tusamehe na wewe."

Alichuma mawili tangu kule nje. Watu wote wananitazama, na mama mkwe, na wanangu mlangoni, watakaoitwa maisha yao yote watoto wa yule mwanamke aliyekataa sale. Eliakim naye ananitazama, hapumui.

Nikaifuta mikono yangu kwenye kitenge, nikainyoosha yote miwili.