Picha ya Mwisho kwa Mama Atieno

Cheka tu, hata mimi nimejicheka. Mimi ni mpigapicha wa Kondele, na miaka yote hii hakuna mtu aliyewahi kuniambia niingie kwenye picha.

Jumamosi nilikuwa Usenge kwa Mama Atieno, wakwe walipoleta ayie, ile zawadi ya kumwomba mama aikubali posa ya bintiye. Aliipokelea ndani, mapazia yamefungwa. Nikapandisha ISO hadi mwisho ili kamera ione gizani. Kamera ya filamu haikubali hivyo katikati ya kazi, lakini yangu ya dijitali hukubali, na mimi hujisifu kwa hilo kila mahali.

Tukatoka nje kwenye jua la saa sita kupiga picha ya familia nzima. Mama akaniita, "Kwani wewe ni mgeni? Kuja usimame hapa na mimi."

Nikategesha kamera ipige yenyewe, nikakimbia kando yake kama mtoto. ISO sikuikumbuka. Hata picha sikuiangalia, nilitaka niione pamoja nao.

Jumapili nikarudi, nikaunganisha kamera na TV yao. "Subirini ya mwisho," nikasema, kifua mbele.

Kioo kikawa cheupe pe.

"TV imeharibika?" Mama akauliza.

"Hapana, Mama. Ni mimi. Niliacha kamera na macho ya gizani, jua likatufuta sote."

Akautazama ule weupe. "Sasa wewe ulikuwa umesimama wapi?"

Mbele ya familia yote nikaweka kidole kwenye kioo. "Hapa, Mama. Karibu na wewe."