Mshonaji na Mfuniko wa Shimo la Choo

Jirani yangu mshonaji alikuwa hapati usingizi kwa ajili ya mfuniko wa shimo la choo. Ule wa kwanza wa zege ulipasuka kabla ya mwaka kuisha, na wajukuu zake huchezea palepale. Mimi mzee sina shughuli, basi nikakaa naye kuwasikiliza mafundi.

Wa kwanza alikuja anacheka. "Mama, kesho asubuhi unacheza ngoma juu yake!"

"Nicheze na goti hili?" alimjibu, akarudi kukata kitambaa chake.

Wa pili alipiga magoti, akaupapasa ufa. "Mfuniko huu ulimwagiliwa maji siku ngapi?"

"Maji? Fundi aliyeutengeneza alisema uachwe ukauke juani."

"Ndiyo maana. Zege changa halitaki kiu, mama. Nitakuja kulimwagilia kila asubuhi, wiki nzima. Watoto wasikanyage."

Akampa kazi huyo, naye akamimina mfuniko mpya. Siku ya tatu jua likapanda, fundi haonekani. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mshonaji akachungulia njia mpaka shingo ikamuuma.

"Babu, nimeliwa tena?"

Mara ndoo ikagonga lango, fundi akaingia anahema, maji yakimwagikia miguuni.